Chagua Mfumo Kwanza, Mashine Ifuate
Hotuba kwa wazazi na vijana, Mtwara Mjini

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, kaka na dada, nawashukuru kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza. Msimu umeshaanza, minada ya korosho inaendelea, na hela ikishaingia kwenye akaunti kila nyumba ina jambo lake: bati, ada, pikipiki. Miaka hii naona na kompyuta imeingia kwenye hesabu hizo. Mtoto kachaguliwa kwenda chuo. Binti anataka kufungua steshenari. Mama anatunza vitabu vya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na amechoka kubaki ofisini hadi usiku kwa sababu nyumbani hana mashine.

Mimi nafundisha kompyuta, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nichukue HP au Dell?" Leo naomba tuliweke pembeni. Jina lililobandikwa kwenye mfuniko haliamui mengi. Kinachoamua kama mashine itakufaa miaka miwili au minane ni kitu usichoweza kukishika, nacho ni mfumo endeshi. Ndio unaoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Ndio unaopokea unachochapa, unaozungumza na printa, unaomfungulia mlango huyu na kumfungia yule. Kwenye simu nyingi mlizoshika hapa mfumo huo unaitwa Android. Kwenye kompyuta za nyumbani mtakutana na Windows, macOS, ChromeOS na Linux.

Na kila mfumo una umri. Walioutengeneza huuletea masasisho, yale tunayoyaita apdeti, ya kuziba matundu yanayogunduliwa. Siku wakiacha, mashine inaendelea kuwaka kama kawaida, ndiyo maana watu hawashtuki. Fikirieni nyumba ya zamani kule Mikindani, mlango wa kuchongwa bado mzuri, lakini mwenyewe amehama. Mchwa wakianza kula boriti, nani atawaona?

Hapa kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa kukagua. Korosho ikifika ghalani haipokelewi kwa uzuri wa gunia. Inachukuliwa sampuli, inakatwa, inaangaliwa ndani kama imejaa, imeoza au imesinyaa, na unyevu unapimwa. Mtu huyohuyo aliyekulia kwenye kazi hiyo, akienda kununua kompyuta, anaangalia ganda: inang'aa, ina kibodi yenye taa, basi anatoa hela. Nataka leo mjifunze kuikata.

Naanza na Windows kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani kwetu, na ndiyo yenye mitego mingi. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikasitisha masasisho yake ya kawaida, ikaacha mwaka mmoja wa nyongeza kwa mtu binafsi anayejiandikisha, unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Maana yake laptopu ya mtumba inayouzwa leo ikiwa na Windows 10 ni korosho inayoelekea kuoza, hata kama ganda linang'aa. Ukiinunua, inunue ukijua utaihamishia kwenye mfumo mwingine.

Mrithi wake, Windows 11, alitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na ana masharti. Anataka RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM cha toleo la 2.0. Zaidi ya hapo anachagua prosesa, ule ubongo wa mashine. Kwa prosesa za kampuni ya Intel, kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kinasomeka kwenye jina. Ukiona i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ukiona i5-6300U, hicho ni kizazi cha 6, na Windows 11 haikitambui. Kuanzia kizazi cha 10 unasoma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwa kujiamini "hii ni i7, mama," mwulize ni i7 ya kizazi kipi. Laptopu nyingi za i5 za kizazi cha 7 zilikuwa na viini viwili tu vya kufanyia kazi. Zilipofika kizazi cha 8 vikawa vinne. Tofauti hiyo mtoto ataiona kila siku.

Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha 4. Inaingia, na inawaka. Lakini Microsoft haiahidi kuiletea masasisho mashine ya namna hiyo, na ukimnunulia mtoto anayekwenda kukaa chuo miaka mitatu au minne, ahadi hiyo ndiyo unayoilipia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma.

Njomba wangu, kule Tandahimba, alimnunulia binti yake laptopu ya mtumba kwa hela ya korosho. Mashine ilikuwa nzuri. Fundi akaitwa apige Windows upya, na mimi nilikuwepo nimekaa pembeni. Nilimwona akichomeka flashi. Kisha, kabla ya kufungua faili la kraki, yaani la kuidanganya Windows ijione ina leseni, akaingia kwenye mipangilio akazima ulinzi wa virusi. Nikamuuliza kwa nini anauzima. Akanijibu bila kuinua macho: "Mwalimu, usipouzima inalifuta." Nikanyamaza. Nilitakiwa kusema pale pale kwamba kitu ambacho mlinzi wa nyumba anakitambua kuwa ni mwizi, hatuwezi kumfumba mlinzi macho ili kiingie. Sikusema, na hilo najilaumu mpaka leo.

Miezi saba baadaye binamu yangu alinipigia simu analia. Mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina, hakuna linalofunguka, na kwenye skrini kuna barua ya Kiingereza inayodai malipo ya bitcoin, ile fedha ya mtandaoni. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilikuwemo. Picha za harusi ya dada yake zilikuwemo. Na daftari la mauzo ya baba yake, misimu mitatu ya kilo na bei na makato, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelichapa jioni kwa jioni mzee akimsomea, nalo lilikuwemo. Hatukupata hata moja. Siwezi kuapa kwamba kraki ile ndiyo iliyofungua mlango. Ninachojua ni kwamba ulinzi ulizimwa siku ile na haukuwashwa tena.

Nilipoikagua mashine nikakuta kwamba ilikuwa na leseni yake halali ndani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zinazouzwa na Windows kutoka kiwandani zimehifadhiwa leseni kwenye ubao mama wenyewe. Ukiweka Windows safi, iliyopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft, ya toleo linalolingana na leseni ile, mashine ikiunganishwa na mtandao inajitambua yenyewe. Haikuhitaji kraki. Fundi alizoea tu njia moja, na sisi hatukujua kumwambia.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr.vbs /xpr, halafu Enter. Kitatokea kijidirisha. Kikitaja tarehe ya kuisha, ujue umewekewa ule uamilisho, yaani kibali cha kutumia Windows, wa muda, wa siku 180, uliotengenezwa kwa ajili ya makampuni na taasisi, si kwa nyumba yako. Kraki nyingine hujificha vizuri zaidi, kwa hiyo hiki si kipimo cha mwisho, lakini kinakamata nyingi. Njia hiyo hiyo andika winver uone ni Windows ipi kwa kweli, kisha tpm.msc uone kama kile kijisehemu cha usalama kipo na ni toleo gani. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Anayekunyang'anya kibodi ameshakujibu.

Upande wa pili kuna Linux, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi mnasikia jina tu. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Haina mwenye duka mmoja. Yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, ndiyo maana ina sura nyingi. Sura moja maarufu, Ubuntu, ilitoka Oktoba 2004 na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni neno letu Wabantu, ni ndugu wa neno "utu". Na mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu, menyu zake zote kwa Kiswahili. Nalisema hili ili vijana wasidhani hivi ni vitu vya watu wa mbali ambavyo sisi tunavipokea tu.

Kwa nyumba inayotoka kwenye Windows mimi hupendekeza Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu. Kitufe cha kuanzia kiko kushoto chini, mafaili yako mahali unapoyatarajia. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litaendelea kupata masasisho hadi 2029. Leseni yake ni bure, ya halali, bila kumzima mlinzi yeyote. Na unaweza kuionja kabla ya kuamua: unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi, unaona kama sauti, Wi-Fi na kamera vinafanya kazi, halafu unazima na Windows yako unaikuta ilivyokuwa.

Mashine ya binamu yangu ilikuwa ya kizazi cha 4, Windows 11 haiitaki. Nikaitoa diski ya zamani, ile inayozunguka, nikaweka SSD, diski isiyo na kinachozunguka, ya GB 256, nikapiga Linux Mint. Zamani ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi bado inafikiri. Sasa inawaka kabla hujavuta kiti. Wiki ya kwanza alilalamika, na alikuwa na haki. Alifungua waraka wa Word aliotumiwa na mwenzake, jedwali likaruka likaenda ukurasa wa pili, kwa sababu fonti alizotumia mwenzake hazikuwemo kwenye mashine yake. Steshenari walipofungua kazi yake mambo yakaruka tena. Tukakubaliana kwamba kazi ya kuchapishwa anaihifadhi kwanza kama PDF, na tatizo hilo likaisha. Ripoti ameiandika upya kwenye LibreOffice, programu huria ya kuandikia, ameikabidhi, amehitimu.

Jiulizeni pia kazi nyingi za nyumbani siku hizi zinafanyikia wapi. Maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, usajili wa jina la biashara BRELA, barua pepe, masomo ya video, vyote hivyo ni ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Firefox ya Linux na Firefox ya Windows zinafungua ukurasa uleule. Kwa familia ambayo hayo ndiyo matumizi yake, kununua kraki ili ufungue kivinjari ni kujitafutia hatari bila sababu.

Lakini sitawadanganya. Dada anayefungua steshenari asiende Linux kwa pupa. Kadi za harusi na za kipaimara anazotengeneza kwenye Publisher, programu ile iko kwenye Windows peke yake, na hata huko Microsoft imetangaza kuiacha Oktoba 2026, kwa hiyo aanze sasa kujifunza njia nyingine na mafaili yake ya zamani ayageuze kuwa PDF angali na nafasi. Mhasibu anayetumia Tally abaki Windows. Mwanafunzi wa ujenzi mwenye AutoCAD, mpiga picha mwenye Photoshop, hao nao wachague Windows au Mac. Ndiyo maana nasema mfumo kwanza. Andika kwenye karatasi programu ambazo kazi yako haiwezi kwenda bila hizo, uulize zinaishi kwenye mfumo gani, ndipo utafute mashine inayoubeba mfumo huo kwa miaka iliyobaki.

Kuhusu Mac, kompyuta za Apple zenye macOS, nitasema machache. Ni mashine imara, betri inadumu, masasisho ya mfumo ni bure. Apple ilianza kutumia prosesa zake yenyewe, M1, Novemba 2020, na macOS ya 26, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kuzikubali Mac za Intel. Kwa hiyo MacBook ya Intel inayouzwa bei ya kuvutia, uielewe bei hiyo inatoka wapi. Hakikisha pia akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa mbele yako, la sivyo utabaki na bati la thamani. Na RAM ya hizi mpya imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, huwezi kuiongeza baadaye. Ikiharibika huku kwetu, safari ya Dar inakuhusu.

Chromebook, laptopu yenye ChromeOS, ni nyepesi, haisumbui, na mtoto wa sekondari ataiweza siku ya kwanza. Inategemea mtandao kwa mambo mengi, ingawa zipo kazi zinazofanyika bila mtandao. Hapo mnikumbushe Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya na mvua vilikata barabara yetu maeneo ya Somanga. Tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikawa ya kubahatisha. Barabara haipitiki, mtandao haupatikani. Siku zile mwenye kazi zake ndani ya diski aliendelea kuandika. Ukitaka Chromebook ya mtumba, fungua mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu ChromeOS, utafute tarehe ya mwisho ya masasisho. Mtindo uliotoka 2021 na kuendelea umeahidiwa miaka 10. Za zamani nyingi zimeshafika mwisho, na ndiyo maana unazikuta rahisi.

Kuna na suala la bando, ambalo matangazo hayalitaji. Windows 11 ya kawaida inadai intaneti na akaunti ya Microsoft siku ya kuianzisha, na ikishawaka huvuta masasisho yenyewe. Ukiiunganisha na hotspoti ya simu bila kuiambia kitu, bando la wiki linaweza kuisha usiku mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, uuweke alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo, itatulia. Linux Mint hukuonyesha masasisho na ukubwa wake, ukachagua lini uyapakue. Usiyaache yote mwezi mzima, lakini angalau wewe ndiye unayepanga.

Kuhusu vifaa vyenyewe, sitawachosha. RAM GB 8, SSD na si diski ya kuzunguka, na kama umeme mtaani kwenu unakatika ovyo chukua laptopu, maana kompyuta ya mezani bila UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, itakuzimikia katikati ya sentensi. Betri ya mtumba ipime: fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti itakayotengenezwa, kisha ulinganishe uwezo iliyotoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao. Ikibaki chini ya nusu, bei ishuke. Mnaoishi karibu na maji, Shangani na kwingineko, msiiache dirishani usiku. Hewa ya chumvi inakula matundu ya chaja na USB.

Na kitu kimoja ambacho hata mfumo bora haukufanyii: nakala ya pili. Wazee walishasema, mali bila daftari huisha bila habari, na daftari nalo linahitaji pacha. Nunua diski ya nje, kila Ijumaa jioni nakili mafaili yako, kisha uichomoe uiweke kabatini. Kuichomoa ni muhimu, kwa sababu kirusi kama kile cha Tandahimba hufunga kila diski kinachoikuta imechomekwa.

Pale mezani nyuma nimeweka laptopu tatu. Moja ina Windows 11 yenye leseni yake, moja ni ya kizazi cha 4 yenye Linux Mint, na ya tatu sijaigusa, nimeiazima kutoka dukani kama ilivyo ili tuikague pamoja. Flashi za majaribio ninazo tano. Mliokuja na mashine zenu, mziwashe sasa hivi. Mama uliyekaa karibu na dirisha, naona umeshika yako kifuani tangu nianze. Njoo nayo hapa mbele, tuanze na hiyo. Bonyeza alama ya Windows na R.